Unga Uliokataa Maji

Arlene Dombrowski alikuwa amepima unga kwa miaka ishirini na tisa katika maabara ya kiwanda cha dawa huko New Jersey, na kazi yenyewe ilitaka subira zaidi ya kitu kingine chochote. Unatia unga mwingi kuliko maji yanavyoweza kubeba, unafunga chupa, unaiacha itikiswe siku tatu ndani ya beseni lenye joto la mwili wa mtu, mpaka maji yachukue kiasi chake na yasitake tena. Kisha unachuja, unakausha yale maji yaliyopita kwenye chujio, na unapima kilichobaki.

Jumatatu moja ya Machi alipata robo ya kiasi cha siku zote.

Unga ulikuwa wa dawa ya kifafa ambayo kiwanda kilikuwa kimeiuza kwa miaka miwili. Siku zote mililita moja ilibeba miligramu nne. Safari hii ilibeba moja. Alirudia kwa chupa sita nyingine, jibu likawa lile lile. Hapo akamkumbuka Ferenc Szabo, mume wa jirani yake Ilona, aliyekuwa akimeza dawa hiyo. Tangu aianze hakuwa ameanguka hata mara moja, na alikuwa amerudia kazi yake ya kuendesha gari la mikate.

Alilipeleka jibu kwa Dokta Hatch, mkemia kijana ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria kwa hesabu unga gani utakubali maji na kwa kiasi gani, kabla hata chupa haijashikwa. Hatch alitazama karatasi, akairudisha.

"Mama Arlene, hesabu inasema nne. Umechuja vibaya."

"Nilikuwa nachuja wewe ukiwa bado unanyonya, Dokta. Njoo uangalie chini ya chupa."

Alikwenda. Kwenye hadubini, punje ambazo siku zote zilikuwa bapa kama magamba ya samaki zilikuwa zimegeuka sindano. Arlene alimwomba azipashe moto, waone zitayeyuka kwenye joto gani. Ziliyeyuka nyuzi kumi na nane juu ya zile za zamani. Hatch akakaa na penseli. Kadiri punje zinavyoshikana kwa nguvu, ndivyo zinavyodai joto kubwa ziyeyuke, na ndivyo zinavyoyakataa maji. Alipoitia nguvu hiyo mpya kwenye hesabu yake, ilitoka moja na ushei.

"Hesabu yangu ilikuwa sawa," alisema polepole. "Ila ilikuwa ya unga mwingine."

Dawa ilikuwa ile ile, imejipanga upya tu. Ubaya ni kwamba punje moja ya mpangilio mpya ikidondoka kwenye pipa, nyingine zote huufuata. Mchana ule ule Arlene alifanya ambacho mpimaji yeyote angefanya: alishuka kiwandani kuchota sampuli kwenye mapipa, akiwa na koti lile lile alilolivaa maabara. Sampuli zote zilikuwa magamba. Baada ya siku kumi mapipa yalianza kutoa sindano, na kufikia Aprili hakuna aliyeweza tena kutengeneza magamba, hata kwenye chumba kilichooshwa mara tatu. Ripoti iliandika kwamba chanzo hakijulikani. Arlene aliisoma akiwa amesimama, akilitazama koti lake la maabara.

Wakubwa walitaka wasubiri kidogo. Yeye na Hatch waliandika kwamba vidonge vipya vitapita tumboni bila kumumunyuka vya kutosha, wakatia sahihi zao pamoja, na dawa ikaondolewa madukani. Ferenc alirudishiwa dawa yake ya zamani, iliyomfanya asinzie mezani na isiyomkinga vizuri. Aliacha kuendesha gari. Mwezi wa Julai alianguka bafuni, na Ilona alipovunja mlango alikuwa ameshakata roho.

Arlene alisubiri mpaka ndugu wa Ilona waliporudi kwao. Ndipo akavuka uani, akakaa jikoni kwa jirani yake na kumweleza yote, toka chupa ya kwanza mpaka lile koti.

"Huenda ni mimi niliyeibeba ile punje," alisema. "Sina hakika. Sitakuwa na hakika mpaka nife."

Ilona alikuwa akikunja mashati ya marehemu. Hakuinua macho.

"Na ungenyamaza?"

"Angemeza vidonge visivyomsaidia, akiamini amekingwa. Akiwa kwenye usukani."

Ilona alimaliza shati, akachukua jingine.

"Usiniombe nikusamehe, Arlene. Sijui nikusamehe nini. Wewe njoo tu, kama ulivyokuwa unakuja."

Alikwenda kila Jumapili. Jumapili nyingine walikunywa kahawa bila kuongea, na mara mbili Ilona hakufungua mlango kabisa.

Kazini walianza upya. Kwa kuwa sindano ziliyakataa maji, Hatch alipiga hesabu za mafuta na alkoholi, akatafuta mchanganyiko utakaozibeba zikiwa zimeshamumunyuka kabla hazijafika tumboni. Kila alichokikadiria alimletea Arlene apime. Hakubishana naye tena. Alisimama kando ya beseni akingoja. Mchanganyiko wa thelathini na saba ulibeba dozi nzima ndani ya kidonge laini, na ulipokaa miezi mitatu kwenye baridi hakuna punje iliyojitenga.

Dawa ilirudi madukani Februari ya mwaka uliofuata. Ilona alisikia kwa mfamasia. Jumapili ile alimfungulia Arlene mlango, akamwekea kahawa, akamuuliza ni watu wangapi wanaoitumia. Arlene alimwambia ni kama elfu tisa. Ilona alitikisa kichwa kukubali, akamsogezea sukari.