Radosveta Watatu wa Zamu ya Asubuhi

Jumanne ile, saa moja na nusu asubuhi, Radosveta Gencheva alikuwa akimpaka Mzee Lozan povu la kunyolea huku kengele ya chumba namba tisa ikilia. Alikuwa kiongozi wa zamu katika nyumba ya wazee iliyo juu ya mji wa Tryavna. Timu yake siku hiyo ilikuwa mtu mmoja, Kalinka, naye alikuwa jikoni akiloweka mkate katika maziwa moto. Wenzao wawili walikuwa wamepanda basi la Ujerumani mwezi uliopita kwenda kutunza wazee wa huko. Wazee wa hapa walikuwa thelathini na mmoja.

Kengele ilinyamaza. Radosveta alimaliza kunyoa, akaenda namba tisa, akajikuta yuko huko tayari, ameinama, anamvisha Bibi Tsona soksi.

Yule wa soksi alimwarifu wa wembe kwamba mzee wa namba kumi na mbili amelowesha shuka. Kwa kuwa wote wawili walijua shuka safi ziliko, hapakuwa na la kuongeza. Kalinka alipopanda na trei aliwauliza ni yupi atakayesaini fomu ya dawa. Walisaini wote, mwandiko uleule.

Alhamisi, siku ya kuogesha, akatokea wa tatu, mikono ya gauni ameshaikunja.

Wazee walizoea upesi. Mzee Lozan alitaka kunyolewa na wa pili tu, akidai ana mkono mwepesi. Bibi Tsona alimpenda wa tatu kwa sababu alikaa kitako. Kwa miaka miwili bibi huyo alikuwa akisimulia harusi yake, na kila mara kengele ilimkatiza pale mbuzi anapoingia kanisani. Sasa alisimulia hadi mwisho. Mbuzi alikula shela, kasisi akaendelea na misa, na bwana harusi alicheka mpaka akasahau kuitikia, ikabidi aulizwe tena.

Nyumbani, Penyo, mume wake, aliongeza sahani mbili mezani. Aliomba jambo moja tu: wakimsema kuhusu viatu vyake mlangoni, wamseme kwa zamu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alikuja mkurugenzi, Bwana Hristozov. Radosveta wote watatu walimkumbusha kuhusu wahudumu wawili alioahidi kuwaajiri. Aliwahesabu kwa kidole.

"Upungufu uko wapi, dada? Nawaona watatu."

"Mimi ni mmoja, bwana," alisema wa kwanza. "Ila nachoka mara tatu."

"Basi mngelalamika kwa pamoja, ningeelewa."

"Ndiyo tunalalamika sasa hivi," walisema wote.

Bwana Hristozov alisifu jinsi timu ilivyoshikamana. Akalibandua tangazo la kazi ukutani, na kabla ya chakula cha mchana akaagiza wa tatu ahamishiwe nyumba ya wazee ya Dryanovo, ambako hakukuwa na mhudumu hata mmoja.

Jozi ya viatu visivyoumiza ilikuwa moja. Wawili wanaobaki walimpa wa tatu. Bibi Tsona alimshika mkono muda mrefu.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Huko nako kuna mtu ana hadithi haijaisha."

Gari lilipoondoka, Radosveta wawili walisimama barazani, na kila mmoja alihisi baridi upande wa kushoto, kama mtu aliyenyang'anywa blanketi.

Jumatatu, wa tatu alipiga simu. Wazee wa Dryanovo walikuwa arobaini na wanne, naye tayari alikuwa wanne. Wa Tryavna walimuuliza kama mkurugenzi amesema chochote. Alikuwa amewaletea hao wanne keki, akawahimiza wagawane.

Wiki hiyohiyo Kalinka alisema kwa sauti ya chini kwamba amepata nafasi Ujerumani, basi linaondoka Jumamosi. Walimkumbatia, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakamwambia avae soksi nene. Hawakumlaumu.

Kisha wakakaa ofisini kupanga zamu za wiki inayofuata. Asubuhi waliandika Radosveta. Jioni waliandika Radosveta. Usiku walibishana kidogo, wakaandika Radosveta. Kisanduku cha mapumziko walikiacha kitupu, kwa kuwa hawakuafikiana ni yupi kati yao aliyechoka zaidi.