Kisado cha Ngano

...mkate, chapati, maandazi, vitatu, daktari alivitaja kwa vidole na Ambindwile akavishika kwa vidole vyake, akavikariri kutoka hospitali hadi Masukulu, na tangu siku ile mkate haujavuka kizingiti chake, hata Krismasi watoto walikula wali, sasa Abbasi mwenye mashine ya kusaga ameinua debe lake la mahindi na ulezi, anapaza sauti juu ya ngurumo, "Ngano mpya imeshuka kutoka Makete, Baba Ikupa, nikuwekee kisado kama siku zote?", kama siku zote, siku zote ndiyo miezi minne, miezi minne anasema "ya lishe", ya uji wa binti yake Ikupa, na Abbasi anachota soya, anachota karanga, anachota mchele, na kutoka gunia lile la mlangoni anachota ngano, mbele ya macho yake, na macho yake yaliona lishe, hayakuona ngano, kwa sababu ngano kwake ilikuwa mkate, ilikuwa chapati, kitu cha kutafuna, nani angedhani ngano inanyweka... "Tumbo la binti linagombana na ngano," daktari alisema, "ndiyo maana chuma hakiingii kwenye damu," na Ambindwile alishika yote, vidonge vya kuongeza damu asimeze na chai, basi akafukuza chai nyumbani, yeye aliyefanya kazi kiwanda cha chai miaka ishirini mpaka mwenye mali mpya alipokuja na orodha ya kupunguza watu, binti anameza vidonge kwa maji ya machungwa, Jumamosi maini, mchicha kila siku, na wiki iliyopita nesi alipima damu, saba, saba ile ile, akauliza, "Mzee, masharti mnafuata?", naye akafoka, mbele ya wagonjwa wote akafoka, unadhani sisi hatusikii?... "Gwe, Baba Ikupa," anasema bibi Tupokigwe nyuma yake kwenye foleni, "asubuhi nimekuona tena unamkimbiza mtoto kama mbuzi aliyekula shamba la watu, hivi huyo binti amekukosea nini?", wanawake wanacheka, naye anajaribu kucheka, mdomo haumtii, daktari alisema atembee tu mpaka damu ifike kumi, na yeye akapunguza, zamani walikimbia hadi Ikuti, sasa wanaishia darajani, akaita hiyo kutembea, kwa sababu Jumamosi wanachagua uwanjani Tukuyu na jeshi linachukua wakimbiaji, mtoto mmoja jeshini na nyumba nzima inasimama, na jana pale kilimani Ikupa alikaa chini katikati ya barabara, midomo haina rangi, mikono imeshika magoti, naye akamwambia inuka, uvivu haupandi mlima, na akainuka, hilo ndilo, akainuka... "Baba, huu uji ndio unaoniuma," Ikupa alisema wiki ya pili tu ya lishe hiyo, mama yake akiwa jikoni, Atupakisye akaacha kukoroga akamtazama mumewe, na yeye akajibu dawa haina utamu, kunywa mpaka nione chini ya kikombe, na kila asubuhi alikipokea kikombe akakiinamisha mwangani, kitupu, safi, akaridhika, mkono huu huu, kwa hiyo mtoto alijua, mtoto wa miaka kumi na saba alijua tangu wiki ya pili, akanywa kwa sababu baba kasema... "Mzee, tunasubiri," anasema Abbasi, "au umepata ajira ya kulinda mashine yangu?", ni neno moja tu, sitaki, lakini ngano ikitoka leo damu haitapanda kwa siku tatu, inataka miezi, basi wazo linakuja, linakuja taratibu kama mgeni anayeijua nyumba, kwamba leo ni Jumatano, kwamba anaweza kunyamaza, binti akimbie Jumamosi kama alivyo, ameshazoea, amevumilia miezi minne atavumilia siku tatu, halafu wiki ijayo ngano itoke kimya kimya, damu ipande, watu waseme vidonge vimefanya kazi, na hakuna atakayejua isipokuwa Abbasi, naye hajui anachokijua... analitazama wazo hilo na kuona ni lake, hakuletewa na shetani wala na njaa, ni lake kama hii mikono, na anaogopa, hajaogopa hivi hata siku ya ile orodha kiwandani, anatafuta sentensi ya kumwambia Ikupa, ulisema kweli, mimi ndiye niliyekosea, anaijaribu kwa Kiswahili, anaijaribu kwa Kinyakyusa, baba yake hakuwahi kumwambia yeye sentensi ya namna hiyo, haijui inakaaje mdomoni, lakini Jumamosi binti hatakimbia, hilo analijua sasa, na wa kumwambia kwa nini si daktari, si nesi, ni yeye, leo, kabla giza halijaingia... "Baba Ikupa! Niweke au nisiweke?", na unga wa mtu mwingine unaendelea kushuka mfukoni, na bibi Tupokigwe ameacha kucheka, anamtazama usoni, na yeye anatikisa kichwa, usiweke.