Ngozi ya Mbuzi Mkononi mwa Ngendo

Mimi na mke wangu Nyawira tulizika watoto watatu Mugutha, na wa nne hakuja. Mwaka wa 1952 nilikuwa naendesha lori la shamba la kahawa, na mara nyingine nilitumwa hadi Arusha. Huko kulikuwa na mpakiaji aitwaye Absalom, amefiwa na mke, ana watoto sita. Siku moja aliniuliza kama ningemchukua binti yake wa mwisho awe wangu kabisa. Nilikubali kabla hajamaliza chai yake. Safari iliyofuata nilienda na Nyawira, tukavuka Namanga kurudi, mtoto katikati yetu, miaka sita, nguo zake ndani ya leso moja.

Ndugu yangu mkubwa, Mburu, alisema mtoto wa nchi nyingine haingii katika mbari yetu kwa maneno matupu. Akachinja mbuzi kama desturi inavyotaka, mtoto akazaliwa upya kwetu, akaitwa Ngendo kwa sababu alikuja kwa safari. Mburu alikata vipande viwili vyembamba vya ngozi. Kimoja alinivalisha mkononi, kingine akamvalisha mtoto. Alisema vikae mpaka vianguke vyenyewe.

Wiki hiyo hiyo serikali ikatangaza Hali ya Hatari.

Watu wakaanza kuchukuliwa kwa sababu ya kiapo cha siri cha wapigania ardhi, na kila askari alikuwa ameambiwa kwamba kiapo huliwa kwa nyama ya mbuzi na kufungwa kwa ngozi ya mbuzi. Nililala vibaya. Halafu hedimani, msimamizi wa kijiji, akapita akisema kila mgeni aliyeko nyumbani mwa mtu aandikishwe Thika kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, la sivyo ataondolewa. Kwa hiyo kukaa na mtoto bila karatasi kulikuwa hatari, na kumpeleka na ile ngozi mkononi kulikuwa hatari. Nyawira alitushonea nguo za mikono mirefu.

Kabla ya kufika Thika, kando ya mashamba ya katani, mimi na Ngendo tulikuta kizuizi cha polisi. Magari matatu mbele yangu. Kwenye nyasi wanaume wawili walikuwa wamechuchumaa, mikono kichwani. Mzungu wa polisi alikuwa akipekua gari la kwanza, polepole, akiwavua watu mashati.

Askari aliyekuja dirishani kwangu nilimjua. Alikuwa Wamalwa, mtu wa magharibi, nilizoea kumbeba Jumapili akienda kanisani. Alimsalimu mtoto, akamshika mkono, vidole vyake vikagusa ngozi chini ya nguo. Akaacha kutabasamu. Aliniuliza kama na mimi ninayo. Nikapandisha mkono wa shati.

"Nyinyi na mbuzi zenu," alisema kwa sauti ya chini.

Nilimweleza kwamba ni ya mtoto, ni ya kuzaliwa, si ya kiapo. Alisema anajua, hata kwao mtoto wa kulea ana mambo yake.

"Lakini yule hatangoja umweleze, mzee. Wewe utaenda kambini, na huyu hatujui watampeleka wapi. Kata."

Akaondoka kwenda kusimama kati yangu na mzungu.

Nilitoa kisu cha kukatia kamba. Yangu niliikata mara moja. Ngendo aliona, akaficha mkono chini ya paja. Sikuwa na wakati wa kubembeleza. Niliuvuta mkono wake kwa nguvu, nikakata, nikamchubua kidogo, damu ikatoka. Hakulia. Vile vipande nilivitia mdomoni na kuvimeza, kwa sababu sikujua pa kuvitupa. Mzungu alipofika alinivua shati, akanitazama mikono, akatazama ya mtoto, akauliza damu ni ya nini. Nilisema ameumizwa na mlango wa lori. Akatupungia tupite.

Thika karani aliandika jina lake na langu: Ngendo, binti wa Waweru. Akagonga muhuri.

Tulipofika nyumbani Mugutha nilishuka. Mtoto hakushuka. Nilimwita, akabaki amekaa, leso yake magotini, macho mbele.

"Twende sasa," alisema, "kabla jua halijawa kali."

"Twende wapi?"

"Kwa baba. Ngozi imekatika."

Nilitoa ile karatasi mfukoni, nikairudisha. Nyawira alitoka jikoni, akatazama mkono wangu, akatazama wa mtoto, akaelewa. Nilingoja anitukane. Alipanda lorini, akakaa karibu na mtoto.

"Ile nyama wewe ulikula?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilikula. Baba Mburu alikula, majirani kumi na mmoja walikula. Sasa nani atamrudisha mbuzi tumboni mwa mama yake? Hakuna. Basi na wewe hurudi. Shuka, uji unapoa."

Ngendo alifikiri sana. Halafu akampa Nyawira leso, akashuka kwa kutambaa kinyumenyume.

"Baba Ngendo, na wewe njoo," mke wangu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo.

Sikwenda. Nilibaki nimeshika mlango wa lori, nikiwataja moyoni wale majirani kumi na mmoja waliokula mbuzi wangu, jina kwa jina, nikijiuliza ni yupi atakayekamatwa kwanza, na akiulizwa alikula nini kwa Waweru, atajibu nini.