Mwanya wa Mama

Fundi wa meno ya bandia alijulikana kwa jambo moja: meno yake yalinyooka kama askari wa gwaride. Basi mama yake mzazi alipong'olewa meno yote, fizi zikiwa zimeoza miaka na miaka huku akisema "si kitu, mwanangu," nani mwingine angemtengenezea? Akayachonga, akayang'arisha, akauziba na ule mwanya wa mbele. Sifa zilimponza.

Maana tangu siku ile mama alianza kumwogopa mtu wa kwenye kioo.

"Yupo tena," alinong'ona, amemng'ang'ania mwanawe mkono. "Yule mwanamke. Nikicheka, anacheka. Na meno yenyewe ya watu!"

Kusahau kulikuwa kumeshaanza, tusimwonee fundi. Daktari alisema fizi mbovu na maradhi ya kusahau mara nyingi huonekana pamoja, ila lipi humwita mwenzake, bado hakuna mwenye hakika. Fundi alisikia lile la kwanza tu. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mama yake? Kutwa kucha yumo vinywani mwa watu, na hakuwahi kumwambia, "Mama, hebu fungua nione." Lilimuuma hilo, lilimuuma kweli.

Akakifunika kioo kwa shuka. Mama akamwona yule mwanamke dirishani, kwenye sufuria, hata kwenye kijiko. Akagoma kula. Akakonda, akabaki mifupa.

Ndipo mchana mmoja fundi akainua macho kwenye picha ya zamani ukutani: mama anacheka, mwanya wazi. Lahaula! Akarudi karakana, akayafanya upya. Safari hii aliuacha mwanya, na jino moja akalipinda kidogo kama lilivyokuwa. Moyoni aliomba mama ajione, halafu amwone na yeye.

Akamvalisha, akalivuta shuka. Mama akatazama. Akatabasamu.

"Mama!" akakiambia kioo kwa sauti ya kitoto. "Umekuja kunichukua!"

Akakipapasa kioo kwa furaha ambayo fundi hakuwahi kuiona. Kisha akageuka, akamkagua fundi usoni, akakisogelea kioo tena.

"Twende nyumbani, mama. Huyu bwana ni mwema, lakini simjui."

Fundi akaenda jikoni, akarudi na sahani.

"Kabla hamjaondoka," alisema, "kuleni kwanza."

Mama akala, akamaliza chote, macho hayabanduki kiooni.