Mayai ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizikwa Ugenya mwezi wa pili, mwaka ule wa ukame wa 2009, na kuku wake wakazikwa tumboni mwa waombolezaji. Wote. Shemeji zangu walichinja mpaka yule aliyekuwa ndiyo kwanza ameatamia, maana wakwe walikuwa wamefika na wakwe hawalishwi sukuma wiki. Ogutu, mume wangu, aliyaokota mayai ya kuku yule, akayafunga kwa leso ya mama yake, akayapakata mpaka Nairobi.

Sisi tunakaa Woodley. Yeye ni karani Upper Hill, mimi nasuka nywele Kenyatta Market, na kuku tulikuwa tunajuana nao kwenye sufuria tu. Ogutu aliunda sanduku la mbao la kuangulia mayai, akatia balbu ndani, akalifunika kwa kioo. Chini akaweka sahani ya maji yenye sponji, na kando kidude cha kupima unyevu. Mwalimu wake alikuwa Kuria, jirani yetu anayeuza vifaranga. Kuria alimwambia joto si kazi, kazi ni hewa kavu ya msimu ule. Unyevu ukipungua, ule utando ulio ndani ya ganda hukauka ukambana kifaranga asiweze kutoka. Na wakishaanza kudonoa ganda, mtu asifunue kioo kabisa, kwa sababu mvuke wote hutoka kwa mara moja.

"Hata nyumba ikishika moto, beba na kioo chake," aliniambia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ningeshinda nao siku hiyo.

Wiki tatu mume wangu aliishi kwa ajili ya sahani ile. Mfereji ulikuwa unatoa upepo, maji tunanunua kwa mitungi, mimi naoga nusu karai ili mayai yapate ya kunywa. Nikinuna, ananitazama tu. Nami nilijua sababu. Boma la mama yake lilikuwa limetiwa kufuli na hakukuwa kumebaki humo kitu kinachopumua. Alitaka kurudisha kuku wake pale uani, basi.

Asubuhi ganda la kwanza lilipopasuka, Ogutu alichelewa kazini kwa kulitazama. Aliondoka shingo upande. Kwenye saa nne hivi nikasikia hodi: akina mama wa kanisa, wamekuja kutupa pole kwa sababu mazishini hawakufika. Nyumba yenye msiba huwezi kuifungia wageni mlango. Niliwakaribisha, nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi mwenyekiti wao, Mama Philister, alikuwa ameshafunua sanduku, kioo kiko mkononi.

Nilimwomba akirudishe, nikamweleza kwamba wale watoto hawataki hewa kavu.

"Mama Valarie, wacha tuwaombee kwanza," alisema. "Si hii ndio kitu marehemu amewaachia?" Na macho yote yakafumbwa.

Wewe ungefanya nini? Umnyang'anye kioo mtu anayeomba, ndani ya nyumba iliyofiwa, kanisa zima likisikia? Nilisimama na birika langu. Mama Philister alimwombea marehemu, akaomba mvua, akaiombea na serikali ya mseto. Kile kidude nilikiona kikishuka, mimi nikiwa macho wazi na mdomo wangu ukisema amina. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote. Kioo kiliporudi mahali pake kilikuwa kikavu.

Walipomaliza chai wakaenda. Nilimwagia sponji maji ya uvuguvugu, nikampigia Kuria. Akasema nifunike na ningoje. Nikamuuliza kama naweza kuwabandua ganda niwasaidie.

"Ukivuta huo utando utararua mishipa, atatoka damu," alisema. "Hapo hakuna kitu unaweza kufanya, mama. Ngoja tu."

Ogutu alirudi mapema. Nilimweleza kila kitu na hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Maganda mengi yalikuwa na tundu, lakini hakuna tundu lililokuwa limeongezeka tangu asubuhi. Utando ulioonekana ndani ulikuwa mkavu kama karatasi, na nyuma yake vifaranga wakilia, sauti ndogo ndogo. Alikaa sakafuni, akaweka sikio kwenye kioo.

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema tubandue hata mmoja, tujaribu. Alitikisa kichwa.

"Mama pia nilimsikia hivi," alisema. "Kwa simu. Walimwekea simu mdomoni, nikasikia tu vile anavuta pumzi. Nilikuwa ofisini, watu wako hapo. Sikujua niseme nini. Nikakata."

Nilikuwa sijui. Alikuwa hajaniambia.

Ndipo alipoinama mdomo ukagusa kioo, akaanza kuongea Kijaluo, polepole, kama mtoto anavyomsimulia mama yake mambo ya shule. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, upande wa nje. Mle ndani walikuwa wakinyamaza, mmoja baada ya mwingine. Aliongea mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha, na hata hapo hakuacha.