Machozi ya Kuagizwa

Mnasa alikuwa na mdomo, hata mumewe alilijua hilo. Akiamua jambo lisemwe, litasemwa tu, upende usipende. Na siku mpiga mbiu wa Sparta alipokuja kusimama kwenye uwanja wa kupuria shayiri, Mnasa alikuwa ameshaamua kabla hata yule mtu hajamaliza.

Mbiu yenyewe ilikuwa hivi: Waheloti, watumwa wa mashamba ya Sparta, waliofanya makubwa vitani wajitokeze, au wenzao wawataje. Walio bora watachaguliwa na kupewa uhuru. Uhuru, jamani! Waambiwe watu wanaolima ardhi ya babu zao wenyewe kwa ajili ya wengine, wanaotoa nusu ya mavuno yao, wanaovishwa kofia za ngozi ya mbwa wajulikane hata kwa mbali, wanaochapwa kila mwaka bila kosa lolote ili tu wasisahau wao ni nani. Uwanja mzima watu wakawa wanatazamana.

Damis, mume wa Mnasa, aliinamisha kichwa akawa anachezea uma wake wa mbao wa kugeuzia mabua.

"Baba Nika, nenda," Mnasa alimnong'oneza.

"Niende wapi?"

"Usijifanye hujasikia. Nani aliogelea chini ya maji, anavuta kiriba cha chakula mpaka kisiwani kwa hao hao mabwana zetu waliozingirwa, meli za Waathene zinampita juu ya kichwa? Mimi?"

"Tulikuwa wengi."

"Wenzako walizama. Wewe ulirudi."

Damis alimsogelea. "Mama Nika, hebu nisikilize. Hawa watu wanatuogopa. Sasa kwa nini wanataka kujua ni nani kati yetu asiyeogopa?"

"Wee naye! Ukipewa mkate utauliza umekandwa na nani."

"Kwa mkate wa hawa, nitauliza, ndiyo."

Hapo Mnasa alikasirika kweli. Binti yao Nika alikuwa amekaa juu ya makapi, amevaa kofia ya baba yake ya ngozi ya mbwa, imemfunika hadi machoni, anacheka peke yake. Mnasa akamtazama na kuwaza kwamba huyu naye atakua, ataolewa, atazaa watumwa. Akainua mkono juu.

"Huyu hapa!" alipaza sauti. "Damis ndiye aliyepeleka chakula kisiwani! Muulizeni yeyote!"

Majirani walimpenda Damis. Walishangilia, wakamsukuma mbele kama bwana harusi. Damis aligeuka mara moja tu kumtazama mkewe, uso umempauka.

"Nenda, mwoga wewe!" Mnasa alimwambia huku akicheka.

Mjini, waliochaguliwa walivishwa mataji ya majani, wakazungushwa kwenye mahekalu wakiimba. Mnasa alikuwa pale, kambeba Nika begani ili amwone baba yake. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Bwana wao, Teleso, alikuwa amesimama karibu naye, akamwambia kwa upole kabisa, "Hongera, mama." Mnasa akarudi nyumbani kupika dengu kwa nyama ya nguruwe, nyama aliyoiomba kwa jirani yake, bibi mmoja mzee aitwaye Fila.

Dengu zilichacha chunguni. Damis hakurudi. Hakuna hata mmoja wa waliovishwa mataji aliyerudi, katika shamba lolote. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi, hapakuwa na mtu aliyeona kitu. Wanaume wale wote walitoweka na nyimbo zao, na aliyeuliza sana aliambiwa arudi kazini.

Mnasa aliuliza hata hivyo. Alimfuata Teleso kwenye ghala la shayiri.

"Bwana, mume wangu yuko wapi?"

"Mumeo ni mtu huru sasa," Teleso alisema. "Mtu huru huenda anakotaka."

"Bila kumuaga mtoto wake?"

Teleso aliweka chini kibaba alichokuwa ameshika. "Unataka kusema Sparta imemfanya nini?"

Mdomo ule, mdomo uliomtaja Damis mbele ya watu wote, ndio uliojibu, "Sisemi kitu, bwana."

"Vizuri. Basi kaanike shayiri."

Fila alimkuta nyuma ya ghala, ameuma nguo yake. Akamkamata mabega. "Usilie, mwanangu. Ukilia utakuwa umesema ameuawa. Ukisema ameuawa, watakuuliza kauawa na nani. Una mtoto. Meza."

Akameza. Alimeza kipindi chote cha kuchuma zeituni na kipindi chote cha kupanda. Nika akimuuliza baba atarudi lini, anamwambia kachote maji. Roho ilimuuma, lakini jicho lilibaki kavu.

Kwenye baridi kali Teleso alishikwa na kikohozi, akafa. Na bwana akifa, watu wa shamba lake, wake kwa waume, ni lazima waje kumlilia, wavae nyeusi na kujipiga vipaji vya nyuso. Asiyelia anaonekana, na akionekana ataipata.

"Mimi kwenye vilio hivi huwaza vitunguu," Fila alinong'ona walipokuwa wakiingia. "Jitahidi, usitutie matatani."

Mnasa aliogopa hatapata hata chozi. Akasimama mbele ya maiti, akafungua mdomo. Loo! Kilitoka kilio ambacho hata yeye hakukijua. "Nisamehe!" alilia. "Rudi nyumbani! Mwoga ni mimi, ni mimi!" Akajitupa chini, akalia mpaka wenzake wakaacha kuigiza, wakalia kweli, maana kila mmoja alikuwa na wake aliyevishwa taji.

Damatria, mjane wa Teleso, alifuta macho. "Mtazameni huyu," aliwaambia ndugu zake. "Huyu anajua kulia."

Kisha maiti ikabebwa. Damatria akainua mkono. "Basi, inatosha."

Wote wakanyamaza. Mnasa peke yake hakuweza, alikuwa bado sakafuni.

"Nimesema inatosha."

Fila akamziba mdomo kwa kiganja, akamnyanyua. Kilio kikakatika.

"Umemlilia mume wangu vizuri," Damatria alimwambia. "Sitakusahau."

"Asante, bibi."

Nje, Nika alimshika nguo. "Mama, ulikuwa unamlilia nani?"

Damatria alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Bwana Teleso," Mnasa akajibu, kwa sauti ya kusikika.