Saini ya Chini Kulia

Asubuhi ile Bingwa alizipanga picha zilizokauka chini ya ukuta, moja baada ya nyingine, kutoka mlango wa studio hadi kwenye sinki, akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyekundu na kuanza kusaini. Hakuwa akizitazama. Alipita ameinama, saini, hatua, saini, hatua, kama karani wa posta anayegonga mihuri, na kila picha ikapata jina lake kwenye kona ya chini, kulia. Ndivyo alivyozoea kufanya wateja wakikaribia kuja. Kwa mwendo huohuo akaisaini na picha ya mama.

Mama alikuwa amefariki mwaka juzi. Katika picha hiyo alikaa nyuma ya cherehani yake, tepu ya kupimia shingoni, aproni kiunoni. Bingwa alipofika kwenye sinki na kugeuka, alimwona mama ameinama mbele, amelowesha pindo la aproni kwa mate, anaifuta ile saini. Aliifuta kama alivyokuwa akiwafuta wanawe nyuso kabla ya kwenda shule, kwa kusugua, bila huruma. Ilipotoka yote akarudi kukaa wima. Pindo lilibaki na doa jekundu.

"Samahani, mama," Bingwa akasema, akaenda kuosha brashi.

Na kweli alikuwa na la kuombea samahani. Picha ile ilichorwa na dada yake. Tuseme ukweli, zote zilichorwa na dada yake, tangu studio ifunguliwe. Bingwa alikuwa hodari wa kukata mbao, kuwamba kanvasi, kupaka rangi ya chini na kuongea na wateja. Kuchora ndiko kulikomshinda. Mikono ya watu ilimtokea kama glavu zilizojazwa mchanga. Siku ya kwanza mteja aliingia dada akiwa nyuma anaosha brashi, akamuuliza Bingwa kama ni yeye aliyechora, naye Bingwa akaitikia kwa kichwa. Kichwa tu, mdomo haukusema kitu. Lakini jamani, kichwa kikishaitikia si kazi ndogo kukirudisha. Jina la Bingwa alilipata hapo mtaani. Dada hakupewa jina lolote. Aliendelea kuchora katika chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, na suala lile hakuligusa tena.

Picha ya mama peke yake ndiyo waliyopatana: haiuzwi, na itakuwa na jina la dada. Bingwa mwenyewe ndiye aliyeahidi, wakati wa msiba, huku analia. Dada alikuwa bado hajaisaini. Alisema anaitafutia rangi. Juzi tu alikuwa amechanganya samawati moja, akaiona imekolea mno.

Meneja wa hoteli akaingia, mwanamke mmoja mwenye haraka zake, funguo za gari mkononi. Alitaka picha za ukumbi wa mapokezi. Alizipita zote za mlangoni, akasimama mbele ya picha ya mama. Akasema anaitaka hiyo, na akiipata atachukua na nyingine zote zilizo ukutani; asipoipata atatafuta kwingine. Bingwa alielewa vizuri. Kodi ya studio ilikuwa imechelewa, na mwenye nyumba alikuwa ameshaleta watu kukipima chumba, wanataka kukifanya saluni. Nyuma ya pazia brashi ya dada ilikuwa imenyamaza. Bingwa angeweza kusema hapana, na neno lenyewe lilimfika hadi kwenye meno.

"Haina shida," akasema.

Meneja akainama kuitafuta saini. Bingwa akachukua brashi, akasaini. Mama akalowesha pindo, akafuta. Meneja akatazama saa yake, akasema picha isiyo na jina yeye haipokei, maana wageni huuliza ni kazi ya nani. Dereva angepita mchana, kwa hiyo mambo yao ya kifamilia wayamalize kabla ya hapo.

Asubuhi yote ikapotelea huko. Bingwa alisaini na kukausha kwa mashine ya kukaushia nywele, mama akafuta. Akapaka vanishi juu ya saini; mama akakwangua kwa ukucha. Akasaini kwenye kona ya juu kabisa, na mama, kwa umri wake ule, akapanda juu ya kiti, hadi Bingwa akaogopa asije akaanguka. Fundi wa fremu, jirani yao ukuta kwa ukuta, alikuja kuleta fremu akasimama kuangalia, misumari mdomoni. Akaitoa.

"Si uandike tu jina la aliyechora? Hilo hatalifuta."

Bingwa akajifanya hamnazo, akauliza kama misumari ni ya inchi moja. Uso ulimwaka. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua, na mtaa mzima ulikuwa ukimstahi.

Pazia likafunguka, dada akatoka anafuta mikono kwa kitambaa. Kwenye kidole alikuwa na samawati nyepesi, ile aliyoihangaikia muda wote huo. Alimtazama kaka yake, akazitazama picha zilizopangwa ukutani, kisha akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, basi. Mwache."

Mama akakataa kwa kichwa.

"Chumba kikienda nitachorea wapi? Mwache asaini."

Mama alimtazama bintiye kwa muda mrefu. Halafu akaliachia pindo, akageukia cherehani yake, akaendelea kushona. Kwa Bingwa hakugeuza macho hata kidogo.

Bingwa alibaki na brashi mkononi. Aibu ilimshika.

"Dada, ukisema neno moja tu, naiacha."

"Saini, kaka. Gari hilo limefika."

Akasaini. Herufi zikapinda. Kisha akarudi nyuma, akasubiri. Aliomba moyoni pindo liinuke. Hata akaisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha, huenda mama hakuiona. Mama alikuwa anashona. Saini ikakauka.

Dereva alipakia zote, mama akawa wa mwisho. Akiwa amembeba mlangoni alilisifu lile doa jekundu kwenye aproni, akasema hicho ndicho kitu mtu wa kawaida asingekifikiria, kweli msanii ana jicho. Bingwa akasema asante.

Aliporudi ndani alimkuta dada ameshaanza kuchora kwenye kanvasi ambayo yeye Bingwa aliiwamba jana yake. Alikuwa akiichora cherehani, haina mtu, kwa ile samawati nyepesi. Bingwa akasimama nyuma yake, kisha akaenda kuosha brashi. Dada alichora hadi jioni, akaijaza kanvasi yote, isipokuwa chini, kulia, ambako aliacha nafasi ndogo, kama anavyoacha siku zote.